Mgeni wa Felisian

Mwaka ule wa Nguvu Kazi, mwanamke asiye na ajira wala mume pale Musoma mjini alipakiwa kwenye lori akarudishwa kijijini kulima. Dafroza hakuwa na ajira, na mume hakuwa naye. Akaufyata, akamfuata Felisian, mchumba ambaye yeye mwenyewe alimkataa zamani kule Nyasura, tena mbele ya watu.

"Nioe tu, nisipakiwe," alimwambia, macho chini.

Felisian naye alikuwa anataka nyumba ya kiwanda, na kapera hapewi. Wakafunga ndoa bomani, wakahamia Bweri. Felisian akamwachia kitanda, yeye akatandika mkeka sebuleni. Nguo zake alifua mwenyewe. Mbele ya majirani alimwita "mke wangu", mlango ukifungwa, "mgeni."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo hata mtoto analijua. Dafroza akangoja apewe. Mvua zikaanza, magugu yakaota, na jembe limeegemea ukuta tu. Asubuhi moja akalinyakua mwenyewe, akaingia kwenye mihogo, akapalilia mpaka jasho likamtiririka. Afadhali hivi kuliko kula cha mtu bure!

Felisian akamkuta. Hakufoka, bora angefoka. Alilitoa jembe mikononi mwa Dafroza taratibu, kama mtu anayempokea mkwewe mzigo.

"Acha, mgeni. Si ulisemaga pale Nyasura hukuzaliwa kumlimia Felisian?"

Dafroza alitazama viganja vyake. Vilikuwa vimeota malengelenge, na hakujua avifiche wapi.