Tulivyoisindikiza Damu ya Shangazi Minza

Niliondoka Nkololo kwa sababu ya swali moja la Shangazi Minza: apande pamba msimu huu, au asipande? Alikuwa ametolewa uvimbe wa saratani tumboni, na pamba inataka miezi sita. Mtaalamu mmoja wa maabara huko Mwanza alikuwa anatafiti mikroRNA, vipande vidogo mno vinavyotoka kwenye chembe za mwili na kuelea katika damu. Kiwango cha kimojawapo, alisema, huashiria kama saratani inaelekea kurudi. Akaomba damu.

Saa moja asubuhi muuguzi alijaza vichupa viwili, akavilaza kwenye kisanduku cha barafu. Ukoo ulikuwa umeshakusanyika uani. Kwetu mgonjwa hasafiri peke yake, na kikao kiliamua kwamba damu yake ni yeye. Akateuliwa Baba Mdogo Masanja kuisindikiza pamoja nami, akaja amevaa suti yake ya harusi.

"Mwangaluka, mayu," alikiamkia kisanduku kwa Kisukuma, kama anavyoamkiwa mama asubuhi, akakipakata. Hakuna aliyecheka.

Bariadi alikikatia tiketi, kikakaa dirishani kione mashamba.

Lamadi, jua likiwa utosini, nilishuka kununua maji. Niliporudi, barafu ilikuwa imemwagwa nje, na vichupa vimeviringishwa ndani ya sweta.

"Baba, umefanya nini?"

"Alikuwa anatetemeka."

"Ni gari linalotetemeka."

"Wewe umesoma. Mimi ni ndugu yake."

Mwanza, mtaalamu aliinua kichupa kwenye mwanga. "Chembe za damu zimepasuka kwa joto. Hapa hakuna cha kupima. Mleteni mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyo umemshika," alisema Baba Mdogo.

Jumatatu tulimpeleka Shangazi, na wasindikizaji kumi na mmoja. Tulipoitwa tena kusikia majibu, walikuja wote.

"Kiwango kiko juu, mama," alisema mtaalamu taratibu. "Wengi wa namna hii ugonjwa huwarudia mapema. Si wote. Na huu bado ni utafiti. Utakuwa unakuja kila baada ya miezi mitatu tukuangalie."

"Nipande pamba?"

"Kipimo hakijui hilo."

"Basi kimetumwa nini?"

Njiani kurudi vumbi lilikuwa jekundu na mawingu yalishuka hadi kwenye mapaa. Nilijifunza kwamba kipimo huzungumzia wengi, na Shangazi ni mmoja.

Mvua ya kwanza iliponyesha, aligawa shamba. Upande mmoja akapanda choroko, zinazowahi kukomaa. Upande wa pili, pamba.

"Choroko nitapalilia mwenyewe," aliniambia, akinikabidhi jembe. "Pamba ni yako."