Chai ya Jioni ya Aurelia

Saturnini alikuwa mpishi wa Wazungu katika kambi ya mradi wa kulima karanga, Nachingwea. Kila jioni alirudi kwake Nambambo kwa baiskeli, mfuko wa shati umetuna kwa majani ya chai aliyogaiwa na memsahibu. Aliamini, masikini, kwamba chai ndiyo iliyowapa Wazungu akili ya kuunda matrekta. Basi binti yake Aurelia, wa darasa la nne shule ya misheni, angeinywa mpaka awe mwalimu. Alimchemshia mwenyewe, nyeusi tii, sukari ya kubahatisha, akaketi naye mpaka aimalize, ndipo yeye baba akaenda kujilaza.

Aurelia ndiye hakulala. Aligaragara mkekani mpaka jogoo la kwanza, halafu darasani akasinzia. Mwalimu Anselmo akaonya kwamba mambo yakiendelea hivi, nafasi yake ya darasa la tano atapewa mwingine. Bibi yake alisema mizimu inamwita. Klementina, mama yake, alisema mtoto anakua, aachwe. Saturnini, kwa huruma, akazidisha majani ili apate nguvu.

Kisha bwana mkubwa akasafiri Lindi, naye Saturnini akachukuliwa akampikie. Aliporudi alipitia shuleni, roho juu juu. Mwalimu akampongeza kwa dawa aliyompa binti, maana siku hizi hasinzii kabisa na hesabu anazipata zote. Saturnini aliitikia tu, dawa yenyewe haijui.

Nyumbani alimuuliza mkewe. Klementina alikuwa akipepeta mtama, hakuinua hata uso.

"Hakuna dawa, baba Aurelia. Uliondoka na chai yako, usingizi ukarudi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hiki kilikuwa mfukoni kabisa. Saturnini aliketi kizingitini, uchungu umemjaa. Mwaka mzima alimnyima mtoto usingizi kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mapenzi. Akamwita Aurelia, akamwomba radhi, akamwahidi kwamba sasa chai atainywa asubuhi.

"Hata asubuhi siitaki, baba," Aurelia alisema. "Ni chungu. Nilikuwa nainywa polepole ili usiende kulala upesi."

Saturnini alicheka huku machozi yanamtoka. Jioni ile alimkorogea uji wa mtama, akaketi naye, na kikombe kilipokwisha hakuinuka. Hata angetaka asingeweza, maana Aurelia alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwake.