Slaidi za Maji ya Shika Adabu

Kipindupindu kilipoingia Likoni, miaka ya tisini ile, mie nilikuwa napiga chapa katika ofisi ndogo karibu na kivuko cha feri. Ofisi yenyewe chumba kimoja tu: kompyuta, printa iliyokuwa ikilia kama cherehani bovu, na mashine ya fotokopi ambayo ukiifungua harufu ya wino inakupanda puani. Watu walituletea barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Wiki ile kadi za harusi zilikoma. Gari la hospitali lilipita mchana kutwa likielekea Shika Adabu, na mtu aliyekuwa akicheka pale mlangoni petu alinyamaza mpaka lipite.

Roho yangu haikuwa ofisini hata kidogo. Ilikuwa huko huko Shika Adabu kwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Bibi alikuwa na shamba lake la mihogo na minazi, na alikuwa na kichwa kigumu, wallahi, sijaona mwengine mfano wake. Nikimwambia, "Bibi, chemsha maji," ananijibu, "Nimeyanywa hivi hivi tangu sijamzaa mamako. Maji ya moto yamekufa, hayakati kiu." Nikikasirika, anacheka. Kisima chake kilikuwa kile cha bondeni, na huko bondeni watu walikuwa wameanza kufa: kwanza muuza mkaa, kisha mkewe. Mie sikuwa na dua nyengine siku zile. Bibi yangu asife kwa ajili ya ndoo ya maji, basi.

Ndipo akaja bwana afya. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha mbio mbio, na kazi yake aliipenda kwelikweli. Alitaka slaidi, zile karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya projekta maandishi yakatokea ukutani makubwa. Alisema amechoka kupiga kelele kwa kipaza sauti juu ya gari. Watu wanasikia sauti, maneno hayawaingii. Nikamwambia, hapo umesema kweli, kwani mie nina bibi ambaye hasikii la mtu, lakini kitu akikiona kimeandikwa kikubwa, na maalim wa madrasa akakisoma mbele ya watu, hicho hakipingi. Kazi ile niliishika kwa mikono miwili.

Kompyuta za siku hizo hazikuwa na mapambo. Unaandika maneno matupu, na katikati ya maneno unaiamrisha mashine. Amri yenyewe ni mstari unaoanza kwa nukta. Nukta na herufi mbili, ukurasa mpya umeanza. Nukta na herufi nyengine na namba, maandishi yamepanuka. Nyengine tena, maneno yamekaa katikati. Mstari ule wa nukta unauona kwenye kioo cha kompyuta, lakini printa haiuchapishi, kwa sababu ni maneno yako wewe na mashine, si ya msomaji. Ukishachapisha karatasi, unaitia kwenye fotokopi, na yale maandishi yanahamia kwenye plastiki. Slaidi hiyo.

Bwana afya alivuta kiti akaketi ubavuni mwangu kama mwanafunzi. Kila nilipoweka nukta, karatasi ilitoka na herufi nono na pana, naye akapiga paja lake. "Ee! Kumbe nukta ndiyo yenyewe!"

"Nukta ndiyo bwana mkubwa hapa," nikamjibu, tukacheka.

Tukatengeneza slaidi ya kunawa mikono, na ya kuchemsha maji, na ya chumvi na sukari kwa mgonjwa. Kisha ikaja ya visima vilivyofungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Nilikipa kisima cha bondeni nafasi yake peke yake, nikakitia herufi pana kuliko vyengine vyote, cha njia panda na cha nyuma ya shule nikavifuatisha chini yake. Niliichapisha na kuirudia mpaka bwana afya akaniuliza kama nataka kuifunga kwenye fremu.

Ikaadhiniwa alasiri, nikaingia chumba cha nyuma kuswali. Niliporudi nilimkuta amesimama, uso umemsawijika. Simu ya ofisi ilikuwa imelia, na ilikuwa yake: wagonjwa wamejaa, anatakiwa upesi, tena amepewa na majibu ya maji aliyoyapeleka kupimwa. "Nimeongeza kidogo tu, dada," akasema, "wala usiguse, nimepamba mwenyewe kama ulivyonifunza. Chapisha hivyo hivyo. Na kesho uwapelekee wewe, maalim awasomee. Mimi sitafika." Akatoka mbio. Nikachapisha, nikatia kwenye fotokopi, plastiki zikatoka zina moto bado. Nikaziinua kwenye taa moja baada ya nyengine, na machoni mwangu zilikuwa zimekamilika.

Kesho yake, baada ya alasiri, tuliyaziba madirisha ya madrasa kwa leso na kutundika shuka jeupe ukutani. Watu walijaa mpaka barazani. Wengine walikuja wakidhani ni sinema ya bure. Bibi nilimweka mbele kabisa. Mie nikawa nabadilisha slaidi, maalim anasoma kwa sauti yake ile ya taratibu. Tukafika kwenye visima.

"Cha bondeni?" Bibi akauliza.

"Cha bondeni kimefungwa, mama," akajibu maalim.

"Na cha msikiti?"

Maalim akaugeukia ukuta, akausoma tena tangu juu hadi chini. "Cha msikiti hakimo."

Ungesikia watu walivyoshusha pumzi. Alhamdulillahi, alhamdulillahi, chumba kizima. Kisima kile ni cha wakfu, kimechimbwa na wazee wa wazee wao. Mgeni hupewa maji yake, mgonjwa hupelekewa kikombe, maiti haoshwi kwa mengine. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, "Kwani kisima cha Mwenyezi Mungu kitaingia maradhi?" Hakuna aliyembishia. Bibi akanivuta mkono akasema, "Haya, mwanangu, umenishinda. Bondeni siendi tena." Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Watu walitii, hapo siwasingizii. Waliokuwa wakiteka bondeni, waliokuwa wakiteka njia panda, waliokuwa wakiteka nyuma ya shule, wote wakahamia msikitini. Asubuhi na jioni ndoo zilipanga foleni kutoka kisimani mpaka barabarani. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyekuwa akiishi na Bibi, alilalamika kwamba mikono inamuuma kwa ile kamba, na mbali kote kule. Nikamwambia avumilie.

Haukupita muda, mtu akaletwa ofisini kuniita. Bibi anatapika.

Nilimkuta juu ya kitanda cha kamba, macho yamedidimia, ngozi ya mkono wake ukiifinya inabaki vile vile imesimama. Mama mdogo alikuwa akimtilia kijiko cha maji ya chumvi na sukari. Nikamwuliza maji hayo ya wapi. "Ya msikitini, mwanangu. Tangu siku ile ya slaidi hayajaingia mengine nyumba hii. Na ya kunywa Bibi ameyakataa kuchemshwa, ati haya ni safi, maalim amesema." Nami, Mungu anisamehe, nikashukuru angalau hapewi ya bondeni.

Bwana afya akaja kwa miguu, gari limejaa wagonjwa, alisema litarudi kumchukua Bibi. Akapiga hodi, akavua viatu, akainama. "Shikamoo, Bibi." Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Akauliza lile lile la maji, akajibiwa lile lile. Akasimama ghafla.

"Ya msikitini? Kwani nyinyi hamkusoma? Kisima cha msikiti si ndicho nilichokiandika juu kabisa? Majibu yake yalikuja siku ile ile, kwenye simu!"

"Hakikuwamo," akasema mama mdogo.

"Kilikuwamo! Nimekiandika kwa mkono wangu, nimekiona kwenye kioo kwa macho yangu!"

Nilijua kabla sijauliza, lakini niliuliza. "Mbele yake uliweka nini?"

"Niliweka nukta," akasema. "Si umenionyesha wewe? Niliweka nukta ili kionekane kuliko vyote."

Mie nikipandwa na hasira sijui adabu. Nilimshika shati nikampigia kelele usoni kwamba mstari wa nukta hauchapishwi, ni amri, mashine imeumeza, umetumaliza, umetumaliza! Alinitazama kama mtoto aliyezabwa kofi bila kujua kosa. Kisha akaelewa. Akaketi sakafuni, mikono kichwani, akawa anasema "hapana, hapana" kwa kilugha chake au kwa Kiswahili, sijui. Hapo tukasikia kutoka upande wa msikiti ndoo zikigongana na wanawake wakiitana, saa ya kuteka imefika.

Akainuka akakimbia kutafuta gari, kufuli na dawa. Mie nikafunga leso yangu. "Unakwenda wapi na Bibi yuko hivi?" mama mdogo akanililia. Nikambusu Bibi kwenye kipaji cha uso, kilikuwa baridi na unyevu, nikatoka.

Pale kisimani hawakunisikiliza. Niliwaeleza nukta, niliwaeleza mashine, nikaapa wallahi, billahi. Wengine walinihurumia. "Bibi yake mgonjwa, maskini, hana akili zake." Mmoja akanijibu, "Juzi umetuonyesha wewe mwenyewe ukutani hakimo, leo kimo? Tukushike wapi?" Akashusha ndoo yake. Nikaivuta ile kamba, nikaimwaga ndoo yake chini mbele yake, nikakaa juu ya mdomo wa kisima na miguu yangu ndani. Anayetaka maji anisukume kwanza nizame. Walinitukana, wakaniita kafiri wa kuzuia maji ya wakfu, lakini hakuna aliyenigusa. Jua likanipiga. Kila gari lililopita barabarani niligeuza shingo, na halikuwa lake.

Aliyekuja ni mama mdogo. Alikuja bila buibui, miguu mitupu, leso inaburuzika chini, na kina mama walipomwona wakampisha njia. "Bibi ametutoka," akasema. Nilitaka kuinuka. Nikawaona wamesimama na ndoo zao, wananililia kwa kweli, na bado wananingoja niinuke.

"Bwana afya hajarudi," nikamwambia mama mdogo. "Kaa wewe hapa, ndipo niende kwa Bibi."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mamake. Kisha akaja, akakaa mahali pangu juu ya mdomo wa kisima, akaanza kulia kwa sauti, nami nikaenda nyumbani.