Nyekundu ya Ijja

Katika kijiji chao cha milimani, hapakuwa na mwanamke aliyemfikia Ijja kwa kutia sufu rangi nyekundu. Wenzake walikuwa na mizizi ileile ya tarubia itoayo wekundu, shabu ileile ya kushikisha rangi na maji ya chemchemi ileile, lakini uzi wao ulitoka umefifia, wake ukawaka kama kaa la moto. Wakimwuliza, hujibu, "Ni mkono tu, jamani. Mkono haufundishwi."

Mwanawe Hmad akamwoa Tuda, binti wa ng'ambo ya mlima, naye akaja na hamu ya kujifunza. Lakini kila aliposogelea sufuria, mavyaa alipata la kumtuma: kachote maji, kaangalie mbuzi, mkate unaungua.

Siku moja Ijja alikwenda msibani. Tuda akaona ndiyo nafasi yake. Akatia shabu, akatia mizizi, akauchochea moto mpaka maji yakatokota. Hakujua kwamba tarubia haitaki kutokota. Uzi ukatoka kahawia.

Ijja aliporudi hakugomba. Heri angegomba. Alilichukua lile fundo la uzi hadi chemchemini, akaliinua mbele ya wanawake wote.

"Karibuni, jamani! Mkamwana wangu katupikia chai ya sufu. Nani ana sukari?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tuda alikuwa nyuma yao, ndoo mkononi. Akateka maji yake, akaondoka, na tangu siku hiyo hakuigusa tena sufuria ya rangi. Haukupita muda Hmad akapata kazi mjini Agadir. Wakahamia huko, na Tuda akaajiriwa kufungasha nyanya.

Miaka ikaenda. Mtoto wa jicho akamwingia Ijja macho yote mawili, nyekundu na kahawia zikawa kitu kimoja kwake. Hmad na mkewe walipokuja kijijini kwa sikukuu, Ijja alimwita Tuda.

"Mwanangu, leo tutie nyekundu. Sitakuficha kitu."

"Haya, mama," Tuda akasema, kwa adabu tu.

Ijja akaketi kando ya moto, akaelekeza. "Ukiona vipovu pembeni, punguza kuni. Usiache itokote hata kidogo. Ikitokota, wekundu unakufa."

Mwiko ukasimama mkononi mwa Tuda. "Kumbe ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Neno moja, mama. Ungeniambia wakati ule, ningekuwa hapa mpaka leo. Ni mimi niliyemsukuma Hmad atafute kazi mjini."

Ijja akasema, "Niliogopa utanipita."

"Huenda ningekupita kweli," Tuda akacheka kidogo, wala hapakuwa na uchungu katika kicheko hicho.

"Basi ichukue sufuria. Ni yako."

"Niende nayo wapi? Tuna chumba kimoja na jiko la gesi. Mikono yangu imeshazoea nyanya."

Uzi ukatolewa, ukatundikwa.

"Umetokaje?" Ijja akauliza.

"Mwekundu, mama. Mzuri sana."

Ijja aliushika, ukimchuruzikia viganjani. Mbele ya macho yake ulikuwa kivuli tu. Alitaka kuuliza kama ni kweli au ni heshima, akashindwa.

Tuda alikuwa amekwenda kwenye bomba la uani, kutoa madoa ya rangi kabla ya kurudi kazini. Ijja akamsikia akijisugua mikono kwa majivu, akisugua kwa nguvu, muda mrefu.