Mdhaifu wa Dirishani

Mimi sipendi kusingiziwa. Uniite mvivu, nitacheka. Uniambie nimechanganya vitu nilivyovishika kwa mikono yangu mwenyewe, hapo tutagombana. Ndivyo nilivyogombana na mkuu wa maabara yetu pale Ifakara, miaka ya tisini, nikiwa bado nipo kwenye majaribio ya kazi.

Tulikuwa na bakteria wa aina mbili. Wa kawaida tulimwita Mzima. Mwingine alikuwa na kasoro ya kuzaliwa: akiunguzwa na mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, anashindwa kujitibu, basi tukamwita Mdhaifu. Unawatoa kila mmoja kwenye mrija wake, unawapaka kwenye sahani za kioo zenye chakula chao, unafungua vifuniko, unawasha taa ya mionzi kidogo tu, unafunika, unawalaza kwenye inkubeta, lile kabati la joto. Kesho yake sahani ya Mzima imejaa madoa meupe, ya Mdhaifu tupu.

Sahani zangu za kwanza zilijaa zote mbili.

"Umechanganya mirija, binti," mkuu akasema. "Umepaka Mzima kote."

"Sijachanganya, Daktari."

Akaniambia nirudie. Safari hii Mdhaifu alikufa kabisa, nami nikadhani nimepona. Thubutu!

"Si unaona?" akasema. "Ukitulia, inatoka. Kwa hiyo ile ya kwanza ulichanganya. Mtu wa kuchanganya mirija simwezi. Ijumaa nitaamua kama unabaki."

Nilirudi kwa shangazi yangu, mtaa wa Lumemo, nimevimba kwa hasira. Nilishajiona nipo kijijini kwetu Mchombe, nimeinama kwenye jaruba la mpunga la baba, majirani wakiniuliza kwa utamu, "Vipi, maabara imekushinda?" Nilitamani kulia. Wingu lilikuwa limetanda, shangazi akaniita nimsaidie kuanua mpunga uani.

Nikasimama na ungo mkononi. Kuanua! Mbona na mimi nilianika? Siku ile ya kwanza umeme ulikatika nilipomaliza tu kuzipiga sahani mionzi, na umeme ukikatika sisi hatuhangaiki na inkubeta. Tunapanga sahani dirishani, joto la Ifakara linatosha. Zangu zilishinda pale kwenye mwanga mchana kutwa. Za pili zililala kabatini, gizani.

"Shangazi, niazime kaniki yako, ile nguo nyeusi!"

"Ya nini, wewe?"

"Ya kazi!"

Asubuhi nilimsubiri mkuu mlangoni. "Shikamoo, Daktari. Leo usiende popote. Simama hapa uangalie mkono wangu."

"Marahaba," akasema, na kwa bahati akasimama. Nilimpaka Mdhaifu kutoka mrija mmoja kwenye sahani mbili. Nikazipiga mionzi kwa pamoja. Moja nikaifunga kwenye kaniki, nyingine nikaiacha wazi kwa mwanga, kifuniko chake cha kioo juu yake. Zote mbili nikaziweka dirishani, pale pasipofikiwa na jua kali.

"Dirisha moja, joto moja," nikamwambia. "Tofauti ni giza tu."

Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa Ijumaa, nilifungua kaniki mbele yake. Tupu. Nikamwonyesha ile ya mwangani. Madoa tele, meupe, yamebanana! Nilipiga kigelegele mle mle ndani, hadi wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Mkuu alishika sahani zote mbili, akaziinua, akaanza kucheka kwa furaha kama mimi.

"Mwanga!" akasema. "Wana njia mbili za kujitibu. Moja inafanya kazi hata gizani, na hiyo ndiyo Mdhaifu hana. Nyingine inataka mwanga, na hiyo anayo! Nilisoma hili chuoni, halafu mimi nikakimbilia kukulaumu. Hukuchanganya."

"Sema tena, Daktari."

"Hukuchanganya, binti."

Nikajikaza, nikauliza. "Na kazi yangu?"

Alikuwa ameshaanza kutafuta sahani safi. "Hiyo kaniki usiirudishe," akasema. "Jumatatu utaihitaji."

Shangazi yangu hakuiona tena kaniki yake.