Salama ya Mbele ya Bosi

Ipo siku moja naikumbuka bado, mwanangu, na harufu ya vitenge vipya hunijia pamoja nayo. Nilikuwa binti, muuzaji katika duka la jumla la Kariakoo, upande wa Msimbazi. Darasa la saba ndio mwisho wangu, na kumbukumbu huongeza chumvi. Huenda maneno mengine nimeyasahau. Lakini haya niliyaona.

Bosi wetu, Mzee Nassor, alimleta kijana msomi atupime uchovu. Atakayeonekana kachoka kuliko wote angehamishiwa kaunta ya malipo, kwenye kiti. Kimoyomoyo tuliomba kiti kiende kwa dada Mwajuma, mjamzito aliyekuwa akisimama kutwa.

Msomi akauliza mmoja mmoja, bosi kaegemea palepale.

"Dada, kazi unaionaje?"

"Salama tu, alhamdulillahi," Mwajuma akajibu, kashika kiuno.

Kibwana, mbeba marobota, akacheka. "Mwanaume achoke? Niko fiti, kaka!"

Akafuata Elia, msimamizi wetu. "Mimi nimechoka hoi! Mgongo, kichwa, usingizi sina!"

Nisimwonee Elia, hakudanganya. Ila yeye alizoea kumlalamikia bosi. Sisi tulizoea kumwamkia.

Basi kiti kikawa cha Elia. Mwajuma akageuka kukunja vitenge, machozi yanamtoka.

Bi Rukia, mama yake bosi, alikuwa kaleta chakula. Akamwita mwanawe. "Nassor, ukiulizwa habari msibani, unajibu nini?"

"Nzuri, mama."

"Na maiti iko ndani! Basi hawa nao wamekuitikia salamu tu. Mficha uchi hazai, sawa, lakini nani atavua nguo barabarani? Wanaume, tokeni!"

Wakatoka. Bi Rukia akaketi juu ya robota, akamvua Mwajuma viatu. Miguu imevimba, inang'aa.

"Tangu lini, mwanangu?"

Hapo maneno yakatoka, ya Mwajuma na yetu sote. Msomi naye, Mungu amlipe, hakununa. Alimchukua Kibwana wakakaa wawili tu kwa muuza kahawa, na huko ndiko bega lake bovu lilikotajwa. Elia aliposikia, kiti akakileta mwenyewe. "Kaa, dada. Ungesema!"

"Ningesemaje?" akajibu Mwajuma, akakaa.

Sasa nasikia umepandishwa cheo, mwanangu, na siku hizi nyoyo za wafanyakazi mnazipima kwa maswali ya kwenye simu. Sina elimu ya kukosoa kipimo. Nalijua hili tu: "nimechoka" ni neno jepesi kinywani mwa mkubwa, zito kwa mdogo, mwanamke hulimeza kwa adabu, mwanaume kwa aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usilinganishe alama za watu kabla hujajua walijibu mbele ya nani. Wape faragha, kisha uwe na subira.

Mungu akupe cheo kisichoziba masikio, na walio chini yako wakwambie kweli ungali na uwezo wa kuwafaa. Amina.