Mtu Mmoja Aliyelala Kaburini

Miaka ile ya Ujamaa, mtaa wetu wa Chemchem ulikuwa na gazeti lake, karatasi mbili za stensili zilizosomwa zaidi na watu wa kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa nafundisha madrasa. Kwa kuwa nilizoea kuwasikiliza watoto wakisoma na kuwarudisha wanapoteleza, nikapewa kazi ya kusahihisha. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, ilinichekesha sana.

Mwandishi wetu alikuwa mwalimu kijana kutoka mkoa wa mbali, mwangalifu, haandiki asichokiona. Siku moja aliniletea habari ya mazishi ya jirani yetu Mnyamwezi: "Mtu mmoja aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe kanzu ya marehemu. Alisema marehemu alikuwa mvivu na ardhi itamkataa. Alitolewa kwa nguvu."

"Mwanangu, hapa hapaeleweki," nikamwambia.

"Wapi, maalim? Nimeandika nilivyoona."

"Huyo mtu mmoja ni nani?"

"Yule mzee Mzaramo aliyestaafu reli."

"Basi sema ni mtani."

"Awe mtani asiwe mtani, alilala kaburini."

Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya pwani, na mtani anayekaa kimya msibani huonekana hana huruma. Kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo. Lakini katibu wa tawi naye alikuwa mgeni, na wiki ile yule mzee alikuwa anapendekezwa kuwa balozi wa nyumba kumi. Katibu alisoma gazeti letu neno kwa neno. Akikuta mtu aliyevuruga mazishi, angelikata jina lake.

Nikaandika upya: "Mtani wa marehemu alihudhuria mazishi na kutoa rambirambi za kimila." Nikaona nimemsitiri. Jioni nikaenda kumsomea yule mzee barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Maalim, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee mwenzangu."

"Sasa mbona umenikalisha mkekani kama mgeni? Nimemzika rafiki yangu. Wenzangu wakisoma hivi watasema nimewatupa Wanyamwezi. Nirudishie kaburi langu."

"Utakosa ubalozi."

"Nikose. Na uvivu wake uurudishe. Tena huyo kijana wako amepunguza, nilisema pia alikuwa mchoyo."

Nikarudisha kila kitu, na uchoyo nikauongeza. Juu kabisa nikaweka maneno yangu machache: marehemu alikuwa Mnyamwezi, aliyelala ni Mzaramo, na watani huzikana hivi. Usiku nikamwomba Mungu amfungue katibu moyo.

Siku ya mkutano wa kumchagua balozi, katibu alisimama na gazeti mkononi. Akasoma habari yote, polepole, kisha akauliza kama mtu wa namna hii anafaa kuongoza nyumba kumi. Watu wakatazama chini. Macho ya kijana wetu yakawa mekundu, maana sasa alikuwa ameelewa maneno yake yamefika wapi.

Dada wa marehemu, bibi mzima, ndiye aliyejibu.

"Mwanangu katibu, siku ile nilikuwa ndani, sijala wala sijasema na mtu. Waliponiletea habari kwamba huyu mjinga amelala kaburini, nikacheka, nikaomba uji. Wewe unamtaka balozi gani, wa kuja kuandika majina tu?"

"Na kanzu yenyewe hawajanipa," Mzaramo akasema kutoka nyuma.

"Kanzu ya ndugu yangu haikutoshi, una tumbo la mwizi," bibi akamjibu bila kugeuka.

Mkutano mzima ukacheka. Katibu alijaribu kujizuia, akashindwa. Akakunja gazeti na kuomba mikono inyooshwe, nayo ikanyooshwa yote.

Tulipotoka, kijana alimfuata balozi mpya kumwomba radhi. Kisha akauliza kwa adabu, "Mzee, na mimi watani wangu ni akina nani?"

"Subiri ufe," mzee akamwambia. "Watajitokeza wenyewe."

Kijana akatoa kalamu, akaandika.